"Log" ni batli: neno la herufi tatu ambalo tayari ni letu

Leo nataka tuongee juu ya neno moja dogo la Kiingereza, la herufi tatu tu: "log". Kama unaandika programu, unalitumia kila siku bila kulifikiria. Kama huandiki programu, usiondoke, maana nawe linakuhusu. Siku pesa zako zitakapopotea ndani ya mfumo wa mtu, swali la kwanza litakuwa hilo hilo: log inasema nini?

Maoni yangu nayatoa mapema ili tusipotezeane wakati. Neno hili lina mwenzake wa Kiswahili, ni wa zamani, tena ametoka baharini kama yeye. Jina lake ni BATLI, na tunakosea kuliacha lioze kwenye kamusi. Haya, tuanze mwanzo.

Kilo 18 za nguru

Miaka kadhaa iliyopita niliandika programu ndogo kwa ajili ya kikundi kimoja cha wavuvi huku kwetu, kati ya Kilifi na Malindi (jina lao naliweka kando). Kazi yake ilikuwa nyepesi. Chombo kikirudi, samaki wanapimwa, na karani anaingiza jina la nahodha, aina ya samaki na kilo. Mwisho wa wiki programu inajumlisha na mweka hazina analipa. Niliimaliza kwa wiki mbili, nikajiona fundi kwelikweli.

Jumamosi moja nahodha mmoja alikuja kuchukua haki yake, akakuta kilo 18 za nguru hazipo. Alhamisi alizipeleka kilo 22 na kuziona kwenye kioo kwa macho yake. Sasa kioo kinasema 4. Karani, kijana wa miaka ishirini na kitu, akaapa hakugusa kitu. Mweka hazina naye akaapa. Wakanipigia simu: "Wewe ndiye uliyetengeneza. Njoo utuambie nani amebadilisha."

Nilikwenda na sikuweza kuwaambia chochote. Tatizo lilikuwa mstari huu:

UPDATE samaki SET kilo = 4 WHERE id = 212;

Kwa asiyejua: mstari huu unachukua tarakimu mpya na kuiweka mahali pa ile ya zamani, na ya zamani inakufa hapo hapo. Haubaki hata mkwaruzo. Programu yangu haikuandika popote kwamba palikuwa na 22, wala nani aliibadilisha, wala saa ngapi. Huenda karani alipunguza. Huenda mweka hazina alikuwa anasahihisha mstari wa juu, akateleza wa chini. Huenda (hili ndilo lililoninyima usingizi) kasoro ilikuwa yangu mimi.

Karani hakufukuzwa. Ni macho ya watu tu yaliyomfukuza, na mwezi haukuisha akaacha kazi. Mpaka leo sijui kama alichukua. Yeye naye hana njia ya kuonyesha kwamba hakuchukua. Hilo ndilo linaloniuma zaidi: programu isiyo na log haimlindi asiye na kosa.

Kipande cha ubao baharini

Sasa neno lenyewe. Kwa Kiingereza cha zamani "log" ni gogo, pande la mti, basi. Limefikaje kwenye kompyuta? Limepita baharini.

Mabaharia wa Ulaya walikuwa na shida ya kujua chombo kinakwenda kasi gani, kwani katikati ya maji hakuna mti wala kilima cha kujipimia. Njia iliyoelezwa kwenye kitabu cha Mwingereza William Bourne mwaka 1574 ni hii: funga kipande cha ubao kwenye kamba, kitupe majini upande wa tezi. Ubao unabaki pale ulipoangukia, chombo kinaendelea, na kamba inavutika kutoka mkononi. Baadaye wakaizoea kamba yenye mafundo kwa vipimo sawa. Baharia mmoja anashika kamba na kuhesabu mafundo yanayopita, mwenzake anatazama kioo cha mchanga. Mchanga ukiisha, hesabu imekwisha.

Wapenda hesabu, jaribuni hii. Maili ya baharini ni mita 1,852. Ukitumia kioo cha sekunde 28, fundo na fundo vinapaswa kuachana mita 14.4 hivi (1,852 mara 28, gawa kwa 3,600). Yakipita mafundo matano, chombo kinakwenda maili tano za baharini kwa saa. Ndiyo maana mpaka leo kasi ya meli na ndege kwa Kiingereza inahesabiwa kwa "mafundo".

Kile kipande cha ubao ndicho kilichoitwa "log". Matokeo yake yaliandikwa kwanza kwa chaki kwenye ubao, halafu yakanakiliwa kwenye daftari. Daftari likachukua jina la ubao, kisha pole pole likaanza kubeba na mengine: upepo, mkondo, nani yuko zamu, nani ameugua, nini kimevunjika. (Waandishi wa programu watakuwa wameshacheka. Chaki kwanza, daftari baadaye: ndivyo mashine zetu zinavyoweka mambo kwenye kumbukumbu ya muda kabla ya kuyateremsha kwenye diski. Hatujavumbua mengi.)

Kompyuta zilipokuja, neno likapanda chombo kipya. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, pale MIT Marekani, mfumo ulioitwa CTSS uliwawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja kwa zamu, na kila mmoja alianza kwa amri ya LOGIN. Maana yake ni kama kuandikwa daftarini kwamba fulani amepanda chomboni. LOGOUT ni kwamba ameshuka.

Kuna kisa kingine ninachokipenda. Tarehe 29 Oktoba 1969 usiku, mwanafunzi Charley Kline wa UCLA alijaribu kutuma neno la kwanza kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kwenye mtandao wa ARPANET, babu yake intaneti. Alikusudia kuandika LOGIN. Zilifika herufi L na O, kisha mashine ya upande wa pili ikaanguka. Kwa hiyo ujumbe wa kwanza kabisa ulikuwa "LO", yaani neno letu lililokatwa mkia. Na tumejuaje saa na siku? Kwa sababu pale maabara palikuwa na daftari la karatasi, na kwenye mstari wa saa 4:30 usiku mtu aliandika kwamba wamezungumza na kompyuta ya SRI. Log ndiyo iliyohifadhi habari za log.

Baadaye, Desemba 1997, Jorn Barger akaita orodha ya alivyokutana navyo kwenye wavuti "weblog", daftari la safari za wavuti. Mwaka 1999 Peter Merholz akalikata kwa utani, likabaki "blog". Kwa hiyo blogu ni mjukuu wa gogo.

Tahadhari moja kwa wanafunzi: ile "log" ya kwenye somo la hesabu si ndugu wa hii. Hiyo ni kifupi cha logarithimu, neno lililotungwa na John Napier wa Uskoti na kuchapishwa mwaka 1614 kutokana na maneno mawili ya Kigiriki. Wamegongana njiani tu. Ndiyo maana katika JavaScript console.log inaandika ujumbe na Math.log inapiga hesabu, na anayeanza anabaki kushangaa.

Tunaiitaje kwa Kiswahili?

Turudi kwa wavuvi. Baada ya aibu ile nilirekebisha programu. Kila badiliko sasa linaandikwa kwenye jedwali la pembeni: saa, nani, ilikuwa nini, imekuwa nini. Hakuna kufuta. Nikaweka kitufe cha kulifungua. Swali likawa, kitufe nikiandike nini?

Mara ya kwanza niliandika "Log", na watu wakakiona kama pambo, hakuna aliyekibonyeza. Mara ya pili nikaandika "Kumbukumbu". Katibu akafurahi sana, akabonyeza, akanung'unika kwamba kumbukumbu za mkutano uliopita hazimo. Alikuwa na haki. Kumbukumbu ni neno lililolemewa na mizigo. Ni yale ya mkutano, ni ya marehemu, ni ya kichwani, tena ni ile ya kompyuta yenyewe. Ukimwambia mtumiaji "kumbukumbu imejaa", umemwambia nini? Afute faili au anunue mashine mpya?

"Daftari" nalo nililifikiria. Lakini huku kwetu daftari ni la dukani, la deni la unga na sukari. Tena daftari la dukani hufutwa, ukilipa unapigwa mstari. Log haifutwi.

Aliyenitoa hapo ni mzee mmoja aliyekuwa amekaa nje kwenye kivuli. Zamani alikuwa baharia kwenye vyombo vikubwa, sasa anatengeneza nyavu. Nilimwamkia, akauliza mbona nimekunja uso. Nikamweleza: kuna daftari ambalo chombo chote kinaandikwa humo, kila zamu, kila badiliko, halifutwi, na nimekosa jina lake.

Akanitazama kama aliyeulizwa jina la kijiko. "Mwanangu, hiyo si batli?"

Niliporudi nyumbani nilifungua kamusi. Limo. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inalo: batli ni log ya chombo. Tena ina msemo wa kutia batli, yaani kukitupa kile kipimo majini. Angalia hapo vizuri. Neno la Kiswahili lina maana zile zile mbili za neno la Kiingereza, kipimo kinachotupwa na daftari linaloandikwa. Mimi niliyezaliwa pwani, kilomita chache kutoka ufukweni, nilikuwa nahangaika na gogo la watu.

Watasema hakuna anayelijua

Najua pingamizi. "Batli? Nani anaijua? Vijana wa leo hawajawahi kulisikia." Kweli. Lakini je, mwandishi wa programu wa London anajua kwamba log ni ubao wa kutupa majini? Hajui, na halimzuii kufanya kazi. Neno la ufundi linahitaji kuwa fupi, kutogongana na mengine, na kutumiwa na wengi. Batli ni fupi na haligongani na chochote. Kutumiwa ni kazi yetu.

Tena si mara ya kwanza. Tazama maneno ya kompyuta ya Kiswahili yaliyoshika:

1. Kivinjari. Kuvinjari ni kuzungukazunguka ukiangaza, kama chombo cha doria baharini.
2. Kupakia na kupakua. Ni maneno ya shehena kabla ya kuwa ya mafaili (kupakua ni ya chungu cha wali pia, najua).
3. Wavuti. Unausikia wavu humo ndani.

Na nje ya kompyuta kuna rubani. Aliwahi kuwa mtu wa kuongoza jahazi, leo anaendesha ndege, na hakuna aliyelalamika.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoendesha mradi wa Kilinux na kutoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, kilionyesha kwamba programu nzima inaweza kusema Kiswahili. Somo ninalochukua mimi kwenye kazi za namna hiyo ni hili. Maneno yaliyoundwa kwa kuunganisha vipande mezani yanayumba, lakini maneno yaliyochukuliwa kwa watu wenye kazi yao yanaelea yenyewe. Kabla hujabuni neno, muulize nahodha, fundi seremala, mama karanga, mfua chuma. Huenda wanalo tayari na wanakusubiri uulize.

Ila tusizidishe. Sisemi kila penye "log" tubandike batli. Kwa LOGIN, "ingia" linatosha kabisa na watu wamelizoea. Gogo libaki gogo. Batli iwe kwa kitu kimoja tu: mwandiko wa mfululizo wa yaliyotokea kwenye mfumo, wenye saa na mhusika, usiofutwa.

Asiyeandika huandikiwa

Kwa nini nalishikilia neno dogo hivi? Kwa sababu kitu kisicho na jina mtu hawezi kukidai.

Sisi wa Malindi tunajua gharama yake. Aprili 1498 Vasco da Gama alitia nanga hapa, akapewa rubani, na Mei akafika pwani ya Calicut. Habari za safari ile tunazo kwa sababu mmoja wa watu wake aliandika shajara. Rubani je? Alivusha vyombo bahari nzima, na wanahistoria mpaka leo wanabishania jina lake na asili yake. Nguzo ya da Gama ipo, ya rubani hakuna. Hivyo ndivyo inavyokuwa batli ikiandikwa na upande mmoja.

Karibu zaidi na sisi ni mwaka 2017. Baada ya uchaguzi wa rais wa tarehe 8 Agosti, Mahakama ya Juu ya Kenya iliamuru tume ya uchaguzi iwaruhusu walalamikaji kuona taarifa za seva zake, zikiwemo nyayo za walioingia kwenye mifumo. Nchi nzima ikawa inasema "fungueni seva". Tarehe 1 Septemba uchaguzi ulifutwa, na katika hukumu ya kina iliyosomwa tarehe 20 Septemba wengi wa majaji waliona tume haikutii agizo lile kikamilifu, wakalihesabu dhidi yake. Nakumbuka watu vibarazani wakiuliza: hasa ni nini kilichomo humo kwenye seva? Sisi tunaojiita mafundi tukaanza kusema "log, log" kama kasuku. Hatukuwa na neno la kumpa mzee wa kibarazani. Tungesema "wanaomba batli ya chombo", nahodha yeyote wa zamani angeelewa kesi nzima kabla kahawa haijapoa.

Na upande wa heri upo. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, kila muamala ulileta ujumbe kwenye simu yako: namba ya muamala, kiasi, siku na saa. Huo ujumbe ni kipande cha batli mikononi mwako. Kampuni ina yake, na wewe una yako. Nadhani hiyo ni sababu moja kubwa mama wa sokoni aliamini kitu asichokishika kwa mkono.

Kwa wenzangu mnaoandika programu

Batli ya kweli ina masharti, nayo ni yale yale ya chomboni. Andika jambo linapotokea, si jioni ukikumbuka. Andika saa na mtu. Usifute, na ukikosea ongeza mstari wa kusahihisha. Usiandike siri za watu humo, kama nywila au namba ya siri, kwani batli itasomwa na wengi. Na la mwisho ambalo mimi nililisahau: iandike kwa lugha ambayo mwenye chombo anaisoma. Batli inayosomeka na fundi peke yake inamfanya fundi kuwa hakimu.

Programu ya wavuvi sasa ina kitufe kilichoandikwa "Batli", na ndani yake mistari iko hivi:

14:20 karani ameingiza: nguru kilo 22
14:26 karani amebadilisha: kilo 22 imekuwa 21, sababu: mizani

Juzi nilipita pale. Mchuuzi na karani mpya walikuwa wanabishana juu ya pweza, sauti zimepanda. Nikataka kuingilia, lakini mweka hazina alinitangulia. Hakuniita mimi, wala hakumtazama karani kwa jicho baya.

Alisema tu, "Fungua batli."

Ulikuwa mkosi wa mizani. Wakacheka, wakaendelea na kazi. Mimi nilimkumbuka yule kijana wa kwanza, ambaye sikumwachia hata mstari mmoja wa kumtetea.

Haya, narudi kwenye kasoro zangu nyingine. Kazi njema.